Jina Kwanza, Ngoma Baadaye

Kazi yangu ina majina mengi, inategemea nani analipa. Wapo wanaoniita mdodosaji, wapo wanaoniita mkalimani, wapo wanaoniita msaidizi wa utafiti, na mtendaji mmoja wa kijiji huko Bahi hunitambulisha mkutanoni kama "yule dada wa maswali". Kwa miaka mingi nimezunguka na madodoso Chamwino, Bahi, Mpwapwa, Kongwa hadi Kondoa, nikiuliza watu wanakula nini kiangazi, wanajifungulia wapi, na nani nyumbani anaamua hela ya alizeti itumikeje. Nikirudi nyumbani ni mtu wa ngoma. Mama yangu alipiga muheme, ngoma ya wanawake wa kabila letu la Wagogo, mama yake alipiga muheme, na mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama kijijini kwetu, upande wa Chamwino. Ukatibu nilipewa kwa sababu mbili zisizo na heshima kubwa: mwandiko wangu unasomeka, na simu yangu haikosi chaji.

Kote kuwili nimekutana na jambo moja. Mwanamke anasifiwa sana, na jina lake haliandikwi popote. Sifa ni za bure, ndiyo maana zinagawiwa kwa wingi. Jina lina gharama, kwa kuwa likishaandikwa lazima kuna kitu kitafuata: malipo, mwaliko, haki, au angalau barua.

Majina ya wenzangu hamtayaona humu. Niliwaomba ruhusa, na bibi anayetuongoza, nitakayemwita Bibi tu, akajibu kwamba jina lake halitoki bure tena, hata kwa mjukuu. Msimamo huo amenifundisha mwenyewe, siwezi kuwa wa kwanza kuuvunja.

Kwa asiyeujua muziki wa Kigogo: zeze ni la wanaume, ilimba, ile ya kupigwa kwa vidole gumba, ni ya wanaume, na kwa muda mrefu mwanamke aliyeshika vyombo hivyo aliangaliwa kwa jicho la kando. Ngoma za muheme ndizo zetu. Kwingi hapa nchini ukisikia ngoma kubwa inalia utakuta mwanaume ndiye kaishika. Ugogoni mwanamke anaibana katikati ya mapaja, kitenge kimefungwa vizuri, mgongo umeinama mbele, viganja viwili vinafanya kazi huku shingo na mabega vikijibu. Asili yake ni shughuli za kuwacheza wasichana, na mengi yaliyoimbwa humo hayakuwa ya kusikiwa na kila mtu. Leo muheme unapigwa kanisani, kwenye mbio za mwenge, kwenye harusi, na zaidi ya yote kwenye kupokea wageni.

Hiyo ya wageni ndiyo iliyotufungua macho. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa mwaka 1973, lakini serikali ilianza kuhama kwelikweli mwaka 2016, na Aprili 2018 Dodoma ikawa jiji. Mikutano ikafuata, na kila anayefungua mkutano anataka ngoma ya asili mlangoni. Bunge la bajeti huanza Aprili na kuendelea hadi mwisho wa Juni. Mji unajaa, simu zinalia. Bahati mbaya miezi hiyo ndiyo ya kuamia ndege na kuvuna uwele na mtama. Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, ukiukosa umekosa mwaka mzima. Kwa hiyo kila mwaliko unapokuja, mwanamke anapima ngoma na shamba, na wanaoalika hawajui kwamba kuna mizani hiyo.

Utaratibu ulikuwa hivi. Mwanaume mmoja anayejuana na watu wa mjini anapiga simu jioni: kesho saa moja asubuhi muwe barabarani, na sare zenu, kuna mgeni rasmi. Tunapakiwa nyuma ya Fuso. Tunapiga juani hadi mgeni afike, naye kwa kawaida hachelewi kidogo. Mshehereshaji anasema, "Tuwapigie makofi akina mama zetu kutoka Chamwino!" Mgeni anacheza nasi hatua mbili, kamera zinawaka, basi. Tunapewa soda, sahani ya pilau na nauli ya kugawana. Kiasi kilichotoka kwa mwandaaji alikijua aliyepiga simu, na hakuwahi kutuambia.

Siku moja mjukuu wa mwenzetu akatuonyesha kwenye simu tangazo la biashara. Tumo humo, na sauti yetu ndiyo muziki wa tangazo zima. Mwishoni yakapita majina: mwelekezaji, mpiga picha, mhariri, hadi aliyerusha kamera ya angani. Sisi tuliandikwa "ngoma ya asili". Bibi aliomba lirudiwe, akalitazama tena mpaka mwisho, kisha akauliza, "Huyu wa kamera ya juu, naye alicheza?"

Nilikwenda kwa afisa utamaduni kuuliza kama kuna lolote la kufanya. Huko ndiko nilikoelewa kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haimlindi mtunzi peke yake. Ile sehemu ya hakishiriki inamhusu mwenye kuimba na kupiga: onyesho lako halirekodiwi wala kurushwa hewani bila idhini yako, hata kama wimbo wenyewe ni wa mababu. Inatosha kwamba mikono iliyopiga ni yako. Wenzangu walikuwa wanadhani kwa vile muheme ni wa kabila zima, basi hakuna mwenye haki ya kudai. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo kwa ajili ya mambo hayo, na BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, ndiko wasanii na vikundi husajiliwa. Ila kuna kikwazo ambacho hakuna mtu aliyekitaja: haki hizi zote zinamwangukia mtu mwenye jina kwenye karatasi.

Tulipokaa kujaza fomu za usajili ndipo ilipojulikana kwamba nusu ya kikundi hawana jina moja. Kitambulisho cha taifa, kile cha NIDA, kina jina la baba. Akaunti ya benki ilifunguliwa kwa jina la mume. Cheti cha ubatizo kina jina la Biblia ambalo kijijini halitumiki kabisa, kwa sababu kijijini wewe ni Mama Fulani tangu ulipojifungua mtoto wa kwanza. Mwenzetu mmoja alikuwa na herufi tofauti katika kila karatasi, maana kila karani aliandika alivyosikia. Mwingine, mjane, laini ya simu anayopokelea fedha ilikuwa bado kwa jina la marehemu. Wakili akasema kila mmoja aape kiapo cha kuthibitisha kwamba majina yote hayo ni ya mtu mmoja, na kila kiapo kina bei yake. Kikoba kikalipa. Mume wa mmoja wetu aliposikia mkewe anakwenda kuapia jina, alimfuata hadi kwenye kikao kuuliza, "Umeachika bila mimi kujua?"

Nasikia mara kwa mara watu wa mjini wakisema wanawake wa vijijini hawachangamkii fursa. Ningependa mmoja wao aje aketi nami siku moja na rundo lile la vitambulisho.

Fursa zenyewe zipo, sikatai. Matangazo ya ruzuku kwa wasanii wanawake, mafunzo, matamasha, tuzo, hupita kwenye makundi ya WhatsApp kila wiki. Mengi yameandikwa kwa Kiingereza na mwisho wa kutuma ni keshokutwa. Yanadai usajili, akaunti ya kikundi, hesabu zilizokaguliwa, na video yenye sauti safi. Mojawapo lilituomba tueleze falsafa yetu ya kisanii. Nilimtafsiria Bibi kadiri nilivyoweza, akafikiri, akasema: "Andika kwamba nilifundishwa na shangazi, nimefundisha wengi, na magoti yananiuma." Niliandika hivyohivyo. Ruzuku ile hatukuipata, lakini maelezo hayo tunayatumia mpaka leo, na kila anayeyasoma anaomba kukutana na huyo mwenye magoti.

Kilichotusaidia zaidi ni kitu kidogo sana, daftari. Kila kazi tunaandika tarehe, mahali, nani alitualika, nani alipiga ngoma ipi, tulikubaliana kiasi gani na tulipewa kiasi gani. Mwaliko wa mdomo tunauomba uje kwa barua au hata kwa ujumbe wa simu. Daftari hilo ndilo lililogeuka kuwa historia ya kikundi siku tulipoombwa ushahidi kwamba tunafanya kazi. Ndilo pia lililomwondoa yule bwana wa simu za jioni, kwa sababu mwandaaji mmoja alipoombwa asaini kiasi alichotoa, alisaini kiasi ambacho sisi hatukuwahi kukiona. Hatukugombana na mtu. Tulimwonyesha ukurasa, akaacha kupiga simu.

Tulijaribu pia mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi mwaka uliofuata. Afisa mmoja alituuliza mradi wetu ni upi. Mwenyekiti akasema, "Ngoma." Yule afisa, kwa upole kabisa, akasema, "Mama, nimeuliza mradi." Kuku anawaelewa, alizeti anaielewa, cherehani anaielewa. Ngoma aliiona kuwa ni furaha tu, na furaha haina marejesho. Tuliondoka, tukarudi na daftari. Alifungua kurasa kadhaa kimyakimya, kisha akaanza kuuliza maswali ya biashara, na hapo mazungumzo yakawa ya watu wazima.

Ugogo umetoa jina moja lililovuma duniani, Hukwe Zawose, aliyefariki mwishoni mwa mwaka 2003. Alipiga ilimba na zeze, akafundisha chuo cha sanaa Bagamoyo, akazunguka mabara. Wanawake wa ukoo wake waliitikia na kupiga ngoma nyuma kwa miaka. Mwaka 2024 binti yake, Pendo Zawose, na mjukuu wake, Leah Zawose, walitoa albamu yao wenyewe wakijiita The Zawose Queens, safari hii wao ndio wako mbele. Niliwapigia wenzangu nyimbo zao kwenye spika ndogo baada ya kikao. Mpigaji wetu kijana alisimama akacheza hadi mwisho. Bibi alisikiliza kwa makini, akasifu sauti, halafu akasema, "Hawa mlango ulishafunguliwa na mzee. Sisi wetu nani anaufungua?" Sikuwa na jibu, na nadhani ana haki ya kuuliza. Ni rahisi zaidi dunia kumsikia mwanamke pale jina la mwanaume maarufu linapotangulia. Hilo halipunguzi chochote katika kazi ya Pendo na Leah. Linatueleza tu kwa nini wengine, wenye mikono ileile, bado wako nyuma ya Fuso.

Pale Chamwino tuna bahati ya tamasha la muziki wa Kigogo lililoanzishwa na Dk. Kedmon Mapana, ambaye baadaye akawa Katibu Mtendaji wa BASATA. Pale angalau vikundi vinatajwa kwa majina na vijiji vyao, na wanaotazama ni watu wanaojua kutofautisha mkono mzuri na mkono wa kubahatisha. Ukipiga vibaya mbele ya wanawake wa Chamwino utaambiwa papo hapo.

Kwenye utafiti hali ni ileile, ila makofi hayapo. Kwa miaka jina langu lilikaa katika ukurasa wa shukrani, na mara nyingi halikuwa jina. Kwanza Mungu, halafu msimamizi wa tasnifu, halafu mume au mke na watoto kwa uvumilivu wao, halafu "wasaidizi wote wa utafiti". Hao wote ni sisi, tuliobadilisha swali la Kiswahili kuwa la Kigogo mbele ya bibi asiyependa Kiswahili, tukabembeleza mwenyekiti wa kitongoji, tukajua nyumba ipi usiingie wakati mume yupo, na usiku tukakaa na mtafiti kumweleza kwamba yule mama aliposema "tunashukuru" alikuwa anamaanisha njaa.

Aliyenipa akili alikuwa mhadhiri mmoja mwanamke hapa Dodoma. Nilimlalamikia kuhusu makala iliyochapishwa kutokana na mahojiano niliyoyafanya karibu yote. Hakunihurumia. Alinieleza kwamba majarida mengi, hasa ya tiba, hayahesabu kukusanya takwimu peke yake kuwa uandishi. Mwandishi anatakiwa awe ameshiriki katika kubuni utafiti, kukusanya au kuchambua data, kisha ameandika au kuhariri kwa maana, ameidhinisha toleo la mwisho, na amekubali kuwajibika kwa kilichoandikwa. "Mwenzangu," aliniambia, "wewe unaondoka mlangoni wakati chakula ndiyo kinaandaliwa. Baki ndani." Tangu hapo, kabla sijabeba begi, ninauliza mambo mawili: nitashiriki uchambuzi, na rasimu nitaiona? Ikiwa jibu ni ndiyo, naomba liandikwe kwenye mkataba. Baadhi walitafuta mdodosaji mwingine, na mdodosaji mwingine hakosekani. Lakini waliokubali walinifundisha kazi, na makala yenye jina langu ilipotoka, mambo yaliyokuwa yamefungwa yalianza kufunguka: mafunzo ya uchambuzi, barua ya mapendekezo, fomu ya kuomba masomo ya uzamili ambayo mwanzoni sikuwa na cha kuijazia. Mama yangu aliuliza jarida limelipa shilingi ngapi. Nilipomwambia halilipi, alinitazama kwa huzuni ya kweli.

Nikiwa Kondoa kikazi hupenda kupita Kolo. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, na jina linalotajwa sana huko ni la Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, aliyepiga kambi mwaka 1951 akinakili michoro hiyo kwa mkono, mmoja baada ya mwingine. Hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Alianza kama mchoraji. Mwaka 1959 kule Olduvai ni yeye aliyeliona lile fuvu maarufu la zamadamu, na kwa muda mrefu sifa nyingi zikamwendea mumewe, Louis. Kwa hiyo alionja. Namheshimu sana. Hata hivyo siwezi kupanda mlima wa Kolo bila kuwaza ni nani aliyemchotea maji kambini na kumwambia njia hii ina nyoka. Mungomi wa Kolo ni mahali ambapo watu wa pale wanafanya matambiko mpaka leo; halikuwa pori lisilo na wenyewe.

Kuhusu harakati ni lazima nitembee taratibu, kwa sababu huko jina linaweza kumponza mtu.

Mzaliwa wa Dodoma, Rebeca Gyumi, alikwenda Mahakama Kuu kupinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya wazazi, au hata 14 kwa idhini ya mahakama. Alishinda mwaka 2016. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Katikati ya hapo, mwaka 2018, alipata Tuzo ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa. Habari ile ilipofika kijijini kwetu ilikuwa na uzito wa aina yake kwa sababu jina Gyumi halihitaji kuelezwa Ugogoni. Wasichana walilisikia kama jina la nyumba ya jirani.

Lakini Bibi naye ni mwanaharakati, ingawa neno hilo halitumii na semina hakuna anayemwalika. Alikuwa mjumbe wa baraza la ardhi la kijiji, lile ambalo sheria ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999 inataka liwe na wajumbe saba, watatu wakiwa wanawake. Mji ulipoanza kututambalia na mashamba yakageuka viwanja, waume wakaanza kuuza usiku na kuarifu asubuhi. Bibi alikuwa anafika na swali moja: mke amesaini wapi? Akaitwa "mama wa kesi". Watu walisusa kumsalimia kisimani. Ngoma yetu ilikosa mialiko miwili mitatu ya harusi kwa ajili yake, na ndani ya kikundi wapo waliomwambia anyamaze kidogo tupate kula. Wanaharakati wa mjini huja, wanasema maneno mazuri na ya kweli, na jioni wanapanda basi. Yeye analala palepale, jirani na aliyemshitaki, na Jumapili wanakaa benchi moja.

Hapo ndipo nilipoanza kuona ugumu wa hili jambo ninalolipigania. Katika utafiti tunafundishwa kuficha majina. Fomu ya ridhaa inamwahidi mama kwamba hakuna atakayejua ni yeye aliyesema, na ahadi hiyo ni ya lazima unapouliza kuhusu kipigo, ukeketaji au mirathi. Nimeona macho ya mwanamke yakitulia niliposema jina lake halitaandikwa. Kisha nakwenda nyumba ya tatu, kwa mtu kama Bibi, namsomea ahadi hiyohiyo, na yeye anakasirika. "Yaani nikueleze yote haya, halafu uandike 'mwanamke, miaka 70, Chamwino'? Nani atajua ni mimi niliyepigana?"

Nilimpelekea mtafiti niliyekuwa naye hoja hiyo. Mwanzoni aliona ni usumbufu, kwa kuwa kibali cha maadili kilishatoka na fomu zilishachapwa. Tukazungumza muda mrefu njiani kutoka Mvumi, na katika kazi iliyofuata fomu ikawa na swali la nyongeza: ungependa jina lako litajwe, lifichwe, au ukaamue baada ya kusomewa ulichosema? Hilo la tatu ndilo wengi walilichagua, jambo ambalo hatukulitarajia. Inabidi urudi kijijini, ukae, usome. Inakula nauli. Lakini wapo wanawake waliokuwa wamesema "ficha", waliposikia maneno yao wenyewe yakisomwa kwa utaratibu, wakasema "weka". Na mmoja aliyesema "weka" aliposikia, akasema "toa kila kitu", tukatoa.

Kuhusu waume sitasema mengi. Kelele zao zilipungua fedha zilipoanza kuonekana nyumbani, na wale ambao hazikupungua hata bila ngoma wangekuwa na la kusema. Malezi ya watoto ni shida kubwa zaidi. Anayeandaa tamasha akiweka nauli ya mpigaji na ya msichana wa kumshikia mtoto, nusu ya udhuru wetu unakwisha. Akiweka na chumba chenye mlango unaofungwa, tunakuja wote.

Sasa tuna ugomvi mpya, na huu umeletwa na mafanikio. Tumepata mwaliko wa nje ya nchi kwa "mwanamke kiongozi wa sanaa za asili", tiketi ni moja. Muheme haupigwi na mtu mmoja. Ngoma moja peke yake haizungumzi na mtu, inahitaji wenzake wa kuijibu. Lakini tuzo na mialiko ya dunia hupenda uso mmoja wa kuweka kwenye bango. Tulikaa kwenye baraza ya kanisa kuamua nani aende. Baadhi walinitaja mimi, kwa sababu Kiingereza changu kinaweza kuvuka uwanja wa ndege. Bibi alikataa bila kupepesa. "Katibu akienda atawasomea karatasi. Wameomba mpigaji."

Na yeye je? Akagusa magoti. Akamnyooshea kidole yule mpigaji wetu kijana, ambaye alikuwa ananyonyesha pembeni, na mtoto akashtuka kwa kelele za kupinga zilizofuata. Tulibishana hadi jua likazama. Mwisho tukaandika kwenye muhtasari: anakwenda yeye, mtoto anakwenda naye au hakuna anayekwenda, theluthi ya posho inaingia kikundini, na kabla hajapiga chochote mbele ya watu ataje majina yetu wote, mmoja mmoja, hata kama waandaaji wana haraka.

"Akirudi staa je?" akauliza mmoja, aliyekuwa amenuna tangu mwanzo.

"Akirudi staa," Bibi akasema, "atabeba ngoma kubwa mpaka barabarani."

Wamesaini wote, aliyenuna akawa wa mwisho. Kilichobaki ni pasipoti. Tumetoa cheti chake cha kuzaliwa kwenye mfuko, na kina jina la tatu ambalo hata mwenyewe hajawahi kuitwa nalo. Jumatatu tunarudi kwa wakili.